Sato wakianza kuzunguka, usikimbilie rangi mbili

Februari, joto la Dar likiwa halivumiliki hata usiku, nilikuta sato mmoja anazunguka juu ya maji kama pia. Nikamwopoa. Jicho moja limetoka kama gololi, lina ukungu mweupe. Nikamhurumia, nikamrudisha bwawani. Wewe usimrudishe.

Nafuga Chanika, bwawa la turubai nyuma ya nyumba. Siku ya nne nilikuwa naokota mizoga minane kila asubuhi. Jirani akaniambia nipasue rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki tunazonunua duka la dawa kifua kikitubana, nimwage unga wake bwawani. Nikapasua pakiti nzima. Maji yakaanza kunuka, vifo vikapanda. Baadaye ndipo nikaelewa: dawa ile haichagui, inaua hata bakteria wema wanaoondoa sumu ya amonia.

Afisa uvuvi alipokuja hakuangalia samaki kwanza. Aliuliza nalisha kiasi gani. Nikajigamba kwamba kwangu hawalali njaa. Akaingiza mkono pembeni mwa turubai, akatoa konzi ya tope jeusi: pumba iliyooza. "Hii ndiyo iliyowachosha. Mdudu kaja kumalizia."

Alichukua samaki anayekaribia kufa, si mzoga uliokwisha kuvimba juani, akamweka kwenye barafu. Maabara wakakuta bakteria aitwaye streptokokasi kwenye ubongo na figo, ndiyo maana ya kule kuzunguka. Mdudu huyu hustawi maji yakipata joto na samaki wakibanana. Ukiona vidonda vyekundu na tumbo lililojaa maji, huenda ni bakteria mwingine, eromonasi. Kwa macho tu huwezi kukata shauri.

Niliacha kulisha siku ile ile. Samaki mgonjwa hali, kwa hiyo chakula kinaoza tu, na dawa ya kuchanganya na chakula huwafikia wale tu ambao bado wanakula. Ikibidi dawa, iwe ya kuandikiwa na mtaalamu, na usivune mpaka siku za kusubiri dawa itoke mwilini mwa samaki ziishe. Nikabadilisha theluthi ya maji. Ya bomba nilikuwa nayaacha kwenye tenki wazi siku mbili, klorini itoke. Mizoga nikaifukia na chokaa, nikiwa na glavu, maana mwiba ukikuchoma, baadhi ya wadudu hawa humdhuru hata mtu.

Na wavu wangu siazimishi, usije ukahamisha ugonjwa. Jirani yule sasa naye ana bwawa. Juzi kaja kuuomba, nikamnyima, na salamu zake zimepoa.