Inayeyuka, inamumunyuka au inayeyushika?

SWALI: Nafanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki hapa Nyakato, Mwanza. Tunaandaa maelekezo ya mashine kwa Kiswahili, nami nimeandika: "Plastiki hii inayeyuka kwenye maji, lakini haiyeyuki mpaka itiwe kilainishi (gliserini)." Mwenzangu anasema sentensi inajipinga. Niiwekeje?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Katika mazungumzo, *yeyuka* hubeba yote mawili: sukari huyeyuka kwenye chai, samli huyeyuka kikaangoni, na hakuna anayepotea. Ila kwa fundi wako, tofauti ya maji na moto ndiyo kazi yenyewe. Basi kwa maji tumia *mumunyuka*, ambalo walimu wa sayansi wamelizoea kupitia *mmumunyo*, na *yeyuka* ubakize kwa joto.

Tatizo kubwa zaidi ni hilo "haiyeyuki". Bila shaka mnatumia alkoholi ya polivinili, ile ya vifuko vya sabuni vinavyopotelea majini. Isipochanganywa na kitu huyeyuka kati ya nyuzi 180 na 230 za Selsiasi, kutegemea aina yake, lakini kwenye joto linalokaribia hilo minyororo ya molekuli zake huwa imeshaanza kuharibika: punje za plastiki zinapiga manjano, halafu kahawia. Kwa hiyo kuyeyuka inayeyuka, ila inaharibika palepale. Gliserini hupenya katikati ya minyororo na kulegeza vifungo vya haidrojeni vinavyoishikanisha, nayo plastiki ikayeyuka kwa joto la chini zaidi, ingali nzima. Kiswahili kina kiambishi *-ik-* cha kusema hivyo hasa: *yeyushika*, yaani mtu anaweza kuiyeyusha akafanikiwa.

Wanga wa muhogo nao una tabia inayokaribia hiyo. Unga wa udaga (muhogo mkavu) ukiachwa kwenye sufuria kavu motoni utaungua bila kuyeyuka. Wanga huohuo ukitiwa maji na gliserini, ukapita kwenye mashine yenye joto na msukumo, hulainika na kufinyangika kama plastiki.

*Kilainishi* liondoe kabisa. Fundi mitambo akilisoma atafikiria grisi na oili, na anaweza kuipeleka gliserini kwenye beringi badala ya kuichanganya na punje. Mimi napendelea *kilegezi*, maana kulegeza ndiko inakofanya.

Andika hivi: "Plastiki hii humumunyuka kwenye maji. Ili iyeyushike bila kuharibika, ichanganywe kwanza na kilegezi (gliserini)."