Trekta la zamani la dizeli linapogoma kuwaka wakati wa baridi

Wewe unayeanza kazi ya kuhudumia matrekta ya zamani utaletewa lalamiko hili mapema: mchana trekta linawaka mara moja, lakini alfajiri ya baridi stata inazunguka kwa uzito hadi betri inaisha nguvu. Wengi hukimbilia kufungua pampu ya dizeli na nozeli zinazoipuliza dizeli ndani ya silinda, nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kabla ya kushika spana, fahamu kwanza moto wa injini hii unatoka wapi.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni huibana hewa hadi ibaki sehemu moja ya 16 au chini ya hapo ya ujazo wake wa awali, na kubanwa huko ndiko kunakoipandisha joto hadi nyuzi 500 za selsiasi au zaidi, ilhali dizeli huanza kujiwasha yenyewe ikipita kidogo nyuzi 200. Nafasi hiyo inaonekana kubwa, lakini kuta za silinda zilizopoa hunyonya joto la hewa hiyo, na kadiri injini inavyozungushwa polepole ndivyo joto linavyopata muda wa kupotea na hewa muda wa kuvuja kwenye ringi za pistoni. Ndiyo maana stata inayozungusha injini chini ya mizunguko 100 kwa dakika huweza kukuchosha asubuhi nzima bila mlio hata mmoja, hali nozeli ni nzima.

Kwa hiyo anza na umeme. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6, lakini joto likishuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na nusu tu ya nguvu yake au pungufu, wakati huohuo ambapo oili nzito inaidai nguvu zaidi. Jifunze pia kupima waya wakati stata inafanya kazi, maana waya mbovu huonekana mzima ukipimwa bila mzigo. Weka gia huru, vuta kizimio ili dizeli isiingie, kisha gusisha ncha moja ya mita ya volti kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, wala si kwenye klemu inayobana waya, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, huku mwenzako akipiga stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, njia hiyo inakula umeme unaopaswa kufika kwenye stata.

Kuna trekta moja ambalo nilikuwa nimeshalishusha nozeli zote nne kabla ya kupima hivyo, na mita ikasoma karibu volti 2. Waya wa bodi, ule unaotoka nguzo hasi hadi kwenye chuma, ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu, na nilipouchuna ganda lake karibu na klemu, nyuzi za shaba zilikuwa za kijani na zikakatika mkononi. Nikaweka waya mpya mnene, nikakwangua chuma hadi king'ae, na sauti ya stata ikabadilika palepale.

Oili nayo itazame. Oili ya gredi moja, kama SAE 40, huwa nzito sana kwenye baridi na kuifunga injini. Ya 15W-40 huiachia zaidi, mradi kitabu cha injini kinairuhusu. Kukanyaga klachi wakati wa kupiga stata pia husaidia, kwa kuwa stata haitalazimika kukoroga oili nzito ya gia.

Stata ikishazunguka kwa kasi na bado injini haiwaki, soma moshi. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika lakini haiungui, basi kagua vipasha joto, yaani plagi za umeme zinazopasha silinda kabla ya kuwasha, kimoja kimoja, au kile cha kwenye njia ya hewa ikiwa injini yako ina aina hiyo. Pasipo moshi kabisa, dizeli haifiki: tafuta hewa iliyoingia kwenye mabomba, filta iliyoziba, au dizeli iliyoanza kuganda nta.

Etha ya kupuliza, ile dawa inayowaka upesi ya kuamshia injini, usiizoee. Ikikutana na kipasha joto chenye moto inaweza kulipuka kwenye njia ya hewa, na hata mahali ambapo hakipo, huwaka kabla ya wakati na kuvunja ringi na pistoni. Nimefungua injini zilizoharibiwa hivyo, na inauma kwa sababu ugonjwa wa mwanzo mara nyingi ulikuwa mdogo.

Ikiwa yote haya ni sawa, pima mgandamizo wa kila silinda. Injini iliyochakaa inaweza kusaidiwa kwa kupasha maji yake kwa kipashio cha umeme saa mbili au tatu kabla ya kuwashwa, na itafanya kazi msimu mzima, lakini mweleze mwenye trekta waziwazi kwamba ringi bado zinasubiri kubadilishwa.