Maji ya baridi yanatoka na moto kuliko hesabu, nimekosea wapi kwenye baundari kondisheni (masharti unayoipa programu kwenye kuta na kwenye milango ya maji)?

Swali la msomaji: "Nafanya simulesheni ya hiti eksichenja (kifaa cha kuhamisha joto) ya paipu ndani ya paipu kwenye Fluent, programu ya kukokotoa mwendo wa maji na joto. Maji ya moto yanapita ndani, nyuzi 80, kilo 0.2 kwa sekunde, ya baridi yanapita nje, nyuzi 25, kilo 0.3, yanaenda kinyume. Ukuta wa paipu ya ndani nimeuwekea nyuzi 80. Hesabu ya mkono inanipa maji ya moto yatoke na 60 na ya baridi yatoke na 38, ila programu inanipa 52 kwa ya baridi, alafu inalalamika maji yanarudi nyuma kwenye autleti (mlango wa kutokea)."

Mdogo wangu, shida kubwa ni huo ukuta. Angalia maji yako ya moto yanatoka na ngapi, nina uhakika utakuta ni 80 vilevile, hayajapoa hata kidogo, kwa sababu yanagusa ukuta ambao na wenyewe ni 80. Sasa piga hesabu, kilo 0.3 mara 4.18 (kilojuli za kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja) mara nyuzi 27 (52 toa 25) ni kama kilowati 34, huo moto umetoka wapi wakati maji ya moto hayajatoa kitu? Umetoka kwenye ukuta uliouambia ubaki 80 milele, yaani umeweka hita ya umeme pale bila kujua. Joto la ukuta wa katikati wewe hulijui, ndio kitu unachokitafuta, kwa hiyo usimpangie solva, yaani ile sehemu ya programu inayopiga hesabu. Uweke "coupled" pande zote mbili, hapo joto linalotoka upande mmoja ndilo linaloingia upande wa pili, na ukuta wenyewe utajitafutia nyuzi zake kati ya 80 na 25. Na unene wa paipu usiusahau, shaba ya milimita 1 haina neno lakini steinlesi ya milimita 2 yenye kondaktiviti (uwezo wa kupitisha joto) ya kama wati 16 kwa mita kwa nyuzi inazuia joto vya kutosha kubadilisha jibu lako.

Ukuta wa nje kabisa ni rahisi, kama paipu imefungwa insulesheni weka hiti fluksi (joto linalopita ukutani) sifuri, kama iko wazi weka konveksheni (joto linalochukuliwa na hewa) na joto la chumba, kwa hewa iliyotulia 5 mpaka 10 wati kwa mita mraba kwa nyuzi inatosha.

Inleti (mlango wa kuingilia) weka kilo kwa sekunde kama ulivyofanya, ni salama kuliko spidi maana densiti ya maji inashuka yakiwa ya moto. Tabyulensi intensiti (kiasi maji yanavyovurugika) ya 4 au 5 kwa mia inafaa, ila kwenye haidroliki daimita (kipenyo kinachotumika kwenye hesabu za mtiririko) ya upande wa nje wengi wanaweka daimita ya paipu kubwa na hiyo sio sahihi, haidroliki daimita ya pale ni kipenyo cha ndani cha paipu kubwa toa kipenyo cha nje cha paipu ndogo.

Kuhusu maji kurudi nyuma, mara nyingi ni kwamba umekata autleti karibu mno na kona ambapo maji bado yanazunguka, refusha paipu mara 5 mpaka 10 ya daimita kutoka kwenye kona. Hapa pia kuna mtego ambao watu hawauoni, Fluent isipoambiwa kitu inachukulia maji yanayorudi ndani yana Kelvini 300, yaani nyuzi 27 hivi, kwa hiyo kwenye autleti yako ya moto ya nyuzi 60 unaingiza maji ya baridi ambayo hayapo. Weka hapo joto unalotegemea litoke, kama Kelvini 333, na presha iache sifuri ya geji, yaani sawa na presha ya rejea ya programu.

Ukimaliza usiangalie residyuo (makosa yaliyobaki kwenye milinganyo) tu, chukua ripoti ya hiti fluksi ya pande zote mbili. Kwa namba zako upande wa moto unatakiwa utoe karibu kilowati 16.7 (0.2 mara 4.18 mara nyuzi 20) na upande wa baridi upokee hizohizo, zikipishana zaidi ya asilimia 1 usiandike ripoti bado, hesabu haijatulia, iache programu iendelee kuzunguka mpaka zilingane.