Joho la Ukoo: Bibi Harusi Alivikwa au Alivalishwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko Soweto, Mbeya. Tuna kikundi cha kusoma riwaya, na sasa tunasimulia kwa Kiswahili sehemu za A Song of Ice and Fire ili wenzetu wasiosoma Kiingereza nao wafaidi. Tumekwama kwenye harusi. Bibi harusi anaingia na vazi refu la mabegani lenye rangi na alama ya kwao, linatolewa, kisha bwana harusi anamfunika kwa la kwake. Niliandika hivi: “Bwana harusi alimvua bibi harusi, akamvalisha nguo ya nyumba yake.” Wenzangu walicheka mpaka machozi. Mmoja wetu, mwenyeji wa Iringa, anataka tuliite vazi hilo mgolole. Tuandikeje? Na ile alama ni nembo au ngao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hicho kicheko. “Kuvua” ni kitenzi cha hatari kisipotajiwa haraka kinachovuliwa. Ukisema “alimvua bibi harusi”, msikilizaji hangoji neno la pili; ameshamwona binti wa watu hana nguo mbele ya wakwe. Hata ukiongeza joho, bado “kuvuliwa” kwa Kiswahili cha leo kuna harufu ya adhabu. Mtu huvuliwa madaraka, huvuliwa uanachama, na wanaokumbuka siasa za mwaka 2011 wanajua habari za kujivua gamba.

Katika riwaya yenyewe hakuna adhabu hapo. Kwa wasioisoma: George R. R. Martin, ambaye kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kilitoka mwaka 1996, ameisuka desturi hii kwa utaratibu mzuri. Binti huja mbele ya kasisi akiwa na joho lenye rangi na nembo ya ukoo wa baba yake. Baba, au anayesimama badala yake, huliondoa. Ndipo bwana harusi humwekea mabegani joho la ukoo wake yeye, ishara kwamba tangu hapo yumo katika ulinzi wake. Utaona kwamba sentensi yako imempa bwana harusi kazi zote mbili. Anayeondoa ni upande wa binti, na ukikosea hapo umeharibu desturi yote, kwa sababu ukoo ndio unaomwachia mtoto wao. Mwanamume haji kunyang’anya.

Kwa baba, tumia “kumwondolea”. Kauli hiyo ya kutendea humfanya baba awe anamfanyia binti yake jambo, kama anavyoondolewa mtu mzigo. Kwa bwana harusi, tumia “kumvika”. Kitenzi hiki tumekizoea penye heshima: mfalme huvikwa taji, askari huvikwa nishani, kiongozi akishuka uwanjani Songwe huvikwa skafu na watoto. “Kumvalisha” si kosa la sarufi, na wapo wanaosema kumvalisha pete, siwagombezi. Lakini kwa masikio yangu anayevalishwa ni mtoto anayewahi shule au mgonjwa asiyeweza kuinua mkono. Bibi harusi wako ana mikono yake.

Maana ya ulinzi iliyomo katika tendo hilo ina kitenzi chake, nacho ni “kusitiri”. Usiandike “alimfunika kwa joho”, kwani kinachofunikwa ni sufuria, au maiti. Kusitiri kunabeba mwili na heshima kwa pamoja. Wasomaji wa Biblia hawatashangaa: katika kitabu cha Ruthu, mjane yule anamwomba Boazi atande upindo wa vazi lake juu yake, na kila mtu anaelewa kwamba anaomba ndoa. Kwa hiyo msidhani mnawaletea watu wa Rungwe jambo geni kabisa. Mnawaletea la zamani katika nguo mpya.

Mkifika harusi ya Sansa Stark na Tyrion Lannister, katika kitabu cha tatu, itabidi mchague tena. Baba yake Sansa ameshauawa. Anayekaa mahali pa baba na kuliondoa joho ni mfalme kijana Joffrey, ambaye ndiye aliyeamuru baba huyo akatwe kichwa. Hapo msiishie kusema Sansa aliolewa; aliozwa. Lugha yetu imelitenga jambo hilo kwa kitenzi kizima, tukitumie. Kisha Tyrion, ambaye ni mfupi sana, hayafikii mabega ya mkewe. Katika kitabu Sansa anakataa kupiga magoti, na Tyrion analazimika kupanda juu ya mgongo wa mchekeshaji wa mfalme ili amvike joho. (Katika tamthilia ya televisheni, iliyoonyeshwa kati ya 2011 na 2019, Sansa anapiga magoti, angalieni msichanganye.) Kama ningekuwa ninasimulia mimi, ningesema kwamba Tyrion alimvika, ila Sansa hakuvikika. Kauli ya kutendeka haipati nafasi nzuri kama hiyo kila siku.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: “Baba yake akamwondolea joho la kwao, na bwana harusi akamvika joho la ukoo wake.” Tazama hilo “la kwao”. Kiingereza huliita joho la mwanamwali, na huenda mkashawishika kuandika “joho la ubikira”, jambo litakalowapa wenzako kicheko cha pili. “Kwao” inatosha. Binti akiachika husemwa amerudi kwao, na kila mtu anajua ni wapi bila kuonyeshwa ramani.

Sasa mgolole. Mwenzenu wa Iringa ana hoja, maana kwa Wahehe mgolole ni vazi la heshima la wanaume wazee, na linakinga baridi kama yale ya Kaskazini mwa Westeros, bara la riwaya hiyo. Lakini mgolole ni kitambaa kisichoshonwa, hupitishwa begani na kuzungushwa mwilini. Joho la riwaya limeshonwa, limetariziwa, linabanwa shingoni na kuburuzika nyuma. Tena mgolole huwa uleule kwa kila mzee. Hauelezi kwamba huyu ni wa ukoo fulani na yule wa ukoo mwingine. Ukisema mgolole, msikilizaji anapelekwa moja kwa moja Kalenga kwa Mtwa Mkwawa, na Sansa hayupo huko. Mkitunga hadithi yenu wenyewe ya harusi ya Uhehe, tumieni mgolole kwa raha zote. Kwa hii, semeni joho. Najua vijana wa Mbeya wakisikia joho wanaona mahafali na kofia za pembe nne. Pwani, hata hivyo, bwana harusi amevaa joho na kilemba miaka mingi kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa hapa nchini, kwa hiyo neno hili lilikwisha kuzoea harusi.

Kuna jambo katika desturi zetu ambalo huenda ndilo lililowatatiza bila kujua. Nyanda za Juu Kusini nguo za harusi hufuata njia nyingine. Upande wa bwana harusi hutoa nguo, lakini hazitui mabegani mwa binti. Hutua kwa wakubwa wake. Kuna blanketi la bibi, kuna mkaja wa mama aliyembeba. Binti mwenyewe atatandikiwa vitenge apite juu yake. Hakuna mahali ambapo mabega yake yanabadilishwa ukoo hadharani, ndiyo maana hamkuwa na sentensi iliyo tayari.

“Nyumba” iacheni. Kiingereza hutumia neno moja kwa jengo na kwa ukoo wa kitawala, na Biblia yetu inayo “nyumba ya Daudi”, lakini katika mazungumzo ya kawaida neno hili limechukuliwa na mambo mengine. “Nyumba ndogo” unaijua. Zaidi ya hiyo, katika familia za wake wengi, Unyakyusa na Uhehe, nyumba ndiyo inayowatenganisha watoto wa baba mmoja: hawa ni wa nyumba kubwa, wale ni wa mama mdogo. Ukiandika “nyumba ya Stark”, mzee wa Tukuyu ana haki ya kuuliza ni ya mke wa ngapi. Ukoo huwaunganisha wote. Semeni “ukoo wa Stark”, na mkichoka kurudia, “akina Stark”. Wanyakyusa hawahitaji hata hilo. “Mwa-” inayotangulia majina yao ya ukoo imeshamaliza kazi.

Nembo au ngao? Nembo. Ngao ni kifaa cha vita, na alama za koo za Ulaya zilipata umaarufu kwa kuchorwa juu yake, kwa kuwa shujaa aliyevaa kofia ya chuma hakutambulikana uso. Ndiyo maana tunasema pia Ngao ya Taifa: ile yetu, yenye pembe za ndovu na maneno Uhuru na Umoja, ina ngao halisi katikati, na mtaani tunaiita Bibi na Bwana. Lakini alama iliyotariziwa kwenye joho la binti haiko kwenye ngao yoyote. Nembo inafaa pia kwa historia yake. Zamani iliitwa nembo chale iliyochanjwa mwilini, kama zile za usoni za Wamakonde, kumtambulisha mtu ni wa watu gani. Tofauti ni kwamba ile haikuondolewa harusini. Mkikuta imechorwa kwenye ngao ya askari, andikeni “ngao yenye nembo ya mbwamwitu”, muwe na amani.

Kuhusu huyo mbwamwitu: watu wa Iringa wanamjua wa Ruaha, mwenye madoadoa na masikio ya mviringo. Wa akina Stark ni wa kijivu na ni mkubwa mno. Neno ni hilohilo, kwani hata Biblia hulitumia kwa mnyama wa Ulaya na Asia, ila mwongezeeni “mkubwa wa kijivu” anapotajwa mara ya kwanza. Msimwite jibwa, ukubwa huo wa umbo unageuka tusi. Paa dume wa akina Baratheon, mweusi mwenye taji, aitwe ayala, yule wa Zaburi 42. Nyekundu ya akina Lannister iko karibu na damu ya mzee, lakini inang’aa zaidi. “Nyekundu iliyoiva” inatosha.

Upatanisho wa kisarufi hauna shida kama unavyodhaniwa. Mnyama aliyechorwa hubaki mnyama: simba wa dhahabu, joka mwekundu mwenye vichwa vitatu, ingawa “joka jekundu” nalo linakubalika. Ila mnyama akisimama badala ya ukoo, fuateni wanavyosema mashabiki wa mpira. Hakuna anayesema Simba amefungwa na Yanga, isipokuwa mgeni. Simba imefungwa, au Simba wamefungwa.