"Leseni ya kimataifa" ya saa 24: usimtumie mtu pesa

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Mwezi wa saba mimi, mke wangu na watoto wetu wawili (miaka 4 na 9) tunakwenda kutembea Ulaya kwa siku kumi. Tunataka kukodi gari Milan, tupite Uswisi, tuingie Austria, halafu turudi Italia tumalizie Florence. Nitaendesha mwenyewe. Nimempata mtu mtandaoni anayetoa leseni ya kimataifa ya miaka kumi ndani ya saa 24, na anasema nikiwa nayo sina haja ya kubeba leseni yangu ya kawaida. Pia nimeona kampuni moja ya kukodisha magari bei yake iko chini mno kuliko wenzake. Niikimbilie? Na nifanye nini kingine ili niokoe pesa na muda?

JIBU

Nianze na huyo wa saa 24, maana karibu kila wiki ananiletea mtu mpya, na kila anayekuja anaamini yeye ndiye wa kwanza kugundua njia ya mkato.

Leseni ya kimataifa haipo. Najua jina limezoeleka, hata baadhi ya ofisi hulitumia, lakini jina hilohilo ndilo linalowapa vishoka mtaji. Kilichopo ni kibali cha kimataifa cha udereva, na kazi yake ni kama ya mkalimani: kinamweleza polisi asiyejua lugha ya leseni yako kwamba nchi yako imekuruhusu kuendesha gari la daraja fulani. Basi. Vibali vingi vinavyotumika leo vimetokana na mkataba wa Geneva wa 1949 au wa Vienna wa 1968. Cha 1949 kinadumu mwaka mmoja. Cha 1968 hakizidi miaka mitatu, na kinakufa mapema zaidi kama leseni yako ya nyumbani itaisha kabla. Miaka kumi haimo kwenye mkataba wowote kati ya hiyo miwili. Muuzaji akitaja miaka kumi, mazungumzo yameishia hapo.

Mezani kwangu nina kimoja alichoniachia mteja. Ni kadi ya plastiki inayong'aa, ina picha ya dunia inayobadilika rangi ukiigeuza, ina nembo iliyoigizwa ya Umoja wa Mataifa, na nyuma imeandikwa idadi ya nchi inakokubalika. Imetengenezwa vizuri kuliko kibali halisi, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Kibali halisi hakina mvuto: ni kijitabu cha karatasi chenye ukubwa wa A6, jalada la kijivu, kurasa nyeupe, maelezo yaleyale yamerudiwa kwa lugha kadhaa, na picha yako imegongwa muhuri. Umoja wa Mataifa haumpi mtu yeyote kibali cha udereva. Kinatolewa na serikali ya nchi iliyokupa leseni au chama cha wenye magari kilichoruhusiwa na serikali hiyo, na kinapaswa kutolewa kabla hujaondoka.

Ama hilo la kuiacha leseni yako nyumbani, mkalimani atatafsiri nini kama msemaji mwenyewe hayupo? Hivyo viwili vinatembea pamoja, siku zote.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi hasa. Nikishamweleza mtu haya yote, ananijibu: "Lakini rafiki yangu alipewa gari na kadi hiyohiyo." Nakubali, alipewa. Nilikaa miaka kumi na moja nyuma ya kaunta ya kukodisha magari, na nakwambia kijana aliye pale saa nne usiku, foleni ikiwa ya watu thelathini waliochoka, anatazama jina, picha na kadi ya benki. Kukupa funguo hakumaanishi kuwa amekuthibitisha. Kadi yako itasomwa kwa makini siku ukigonga gari la mtu, na msomaji atakuwa karani wa bima ambaye hana foleni wala haraka. Swali lake la kwanza litakuwa kama dereva alikuwa na ruhusa halali ya kuendesha katika nchi ile. Italia na Austria zinataka kibali au tafsiri rasmi kutoka kwa wenye leseni za nje ya Ulaya zisizosomeka kwao. Ukikutwa huna, bima ina sababu ya kukukana, na hapo hatuzungumzii tena faini. Tunazungumzia bei ya gari zima, pengine na hospitali ya mtu mwingine.

Tuje kwenye ile bei ya chini. Sikatai kwamba inaweza kuwa ya kweli, ila hujaiona yote. Tafuta kwenye masharti kiasi cha hasara unachobeba mwenyewe kabla bima ya gari haijaanza kulipa. Kampuni yenye bei ya kutupa mara nyingi huweka kiasi hicho juu sana, kisha hukizuia chote kwenye kadi yako kama dhamana mpaka urudishe gari. Kadi inayotakiwa ni ya mkopo, yenye jina la dereva mwenyewe. Ya mkeo haifai, na kadi ya kawaida ya benki hukataliwa mara nyingi, au hukubaliwa kwa sharti la kununua bima yao kamili palepale kaunta. Bima hiyo ya siku kumi inaweza kuzidi kodi ya gari lenyewe, na hapo ndipo "nafuu" yao ilipolala.

Unaweza kununua bima tofauti ya kufidia kiasi hicho kabla ya safari, na mara nyingi ni rahisi zaidi, lakini soma mambo mawili. Kwanza, je, wanawauzia wakazi wa nchi yako? Nyingi zinawahudumia wakazi wa nchi chache tu. Pili, dhamana itaendelea kuzuiwa: ukiharibu unalipa wewe kwanza, kisha ndipo unadai. Na usome kisicholipiwa. Matairi, vioo, paa, sehemu ya chini ya gari na kuweka mafuta yasiyo yake mara nyingi viko nje ya bima ya msingi.

Ukikabidhiwa gari, toa simu upige video. Zunguka gari lote polepole, chuchumaa kwenye kila rimu, pandisha hadi paani, kisha ingia ndani uchukue geji ya mafuta na kilomita. Dakika tatu tu. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikiwahubiria wateja hayo, niliwahi kuruka rimu ya nyuma kulia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Nikalipia mkwaruzo ambao sikuufanya.

Kwa ratiba yako, akiba kubwa kuliko zote ni siku ulizokodi gari bila kuzihitaji. Milan hulihitaji. Lichukue asubuhi unayotoka mjini, na ulirudishe uwanja wa ndege wa Florence siku ileile unayofika. Tramu ya T2 itawapeleka mjini. Kuliacha gari mji mwingine ndani ya Italia kuna ada, lakini kuliacha nchi nyingine ni balaa. Kodi huhesabiwa kwa saa 24 tangu ulipochukua gari, kwa hiyo ukilichukua saa tatu asubuhi na kulirudisha saa sita mchana umenunua siku nzima kwa saa tatu. Na waambie mapema kwamba unavuka mipaka. Ukinyamaza na ukapata ajali Austria, umewapa watu wa bima sababu nyingine ya kukukana.

Florence nina neno lake. Katikati ya miji mingi ya Italia kuna eneo ambalo magari ya wageni hayaingii, linaitwa ZTL. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na kamera inasoma namba ya gari bila kukusimamisha. Kwenye ubao wa taa utaona "varco attivo". Wageni wanafikiri maana yake njia iko wazi. Maana yake ni kwamba lango linafanya kazi, yaani kamera imewaka na hupaswi kupita. Kila ukiingia ni faini yake, inayoanzia takriban euro 80, na kampuni ya gari inakukata ada yake kwa ajili tu ya kuwapa polisi jina lako. Barua inaweza kukufikia miezi mingi baadaye, kwani sheria inawapa siku 360 kumtumia mtu anayeishi nje ya Italia. Ikikufikia, ukilipa ndani ya siku tano unapunguziwa asilimia 30. Ramani ya simu haikuonyi vizuri kuhusu hili, usiitegemee.

Uswisi ukipita barabara kuu unahitaji stika ya ada ya barabara, ya mwaka, faranga 40. Kuna ya karatasi, na tangu Agosti 2023 kuna ya kielektroniki. Ukikamatwa huna ni faranga 200 na stika bado unanunua. Gari la Milan kwa kawaida halina. Austria ina stika yake pia, ya siku chache, lakini barabara ya Brenner, inayoshuka Italia, inalipiwa peke yake hata kama stika unayo. Kote huko nunua kwenye tovuti ya serikali au ya shirika la barabara lenyewe. Zinazotokea juu kabisa ukitafuta mtandaoni mara nyingi ni za madalali wanaojaza fomu ileile kwa bei ya juu, wanaukoo na yule wako wa saa 24.

Mengine kwa haraka. Chukua mkataba wa mafuta tangi limejaa, urudishe limejaa. Jaza nje ya barabara kuu, kwenye pampu iliyoandikwa "self" (unajaza mwenyewe), si "servito" (unajaziwa). Mashine ya kadi ikikuuliza ukatwe kwa fedha ya kwenu au ya pale, chagua ya pale. Viti vya watoto beba vyenu kama shirika la ndege linaviruhusu bure, kwani kukodi kwa siku kumi kunaweza kufikia bei ya kununua; na huyo wa miaka 9 asikuponyoke, Italia na Uswisi bado wanamdai kiti kama hajafika urefu wa sentimita 150. Jumamosi za mwezi wa saba usiende handaki la Gotthard, kule Uswisi. Ni kilomita 17, na foleni ya kuliingia hula saa nzima au zaidi. Pita njia ya San Bernardino, au vuka siku ya kazi asubuhi na mapema.

Hata wasiokwenda Ulaya wapo kwenye mkumbo huu. Japan, kwa mfano, inakubali kibali cha mkataba wa 1949 tu. Wapo wanaofika na cha 1968, halali kabisa, na bado wanakataliwa kaunta. Ikiwa kibali cha kweli kinaweza kukataliwa kwa kukosea mwaka wa mkataba, hiyo kadi ya plastiki "inayokubalika dunia nzima" inasimama wapi? Uliza ofisi inayokupa: hiki ni cha mkataba gani, na ninakokwenda wanakubali upi?

Na kama pesa umeshamtumia na kadi imeshafika, iache nyumbani. Usiibebe "kwa tahadhari" pamoja na kibali halisi. Polisi wa barabarani akifungua pochi yako akaikuta, atakuwa ameshika hati ya kughushi yenye picha yako, na watoto wako kiti cha nyuma wanauliza kwa nini gari limesimama.