Ukifika Hvar, usiishie bandarini

Safari yangu ya kwanza kwenda Hvar, kisiwa cha Kroatia chenye mji wa jina hilo hilo, nilifanya kosa moja lililokula safari nzima. Nililipia usiku tatu katika mji wa Hvar wenyewe, katikati ya Agosti. Muziki wa baa haukunyamaza mpaka alfajiri, chumba kilikuwa kidogo na cha bei kali, na mchana watu walijaa gatini mpaka huna pa kuweka mguu. Nikarudi Ujerumani nikiwa na picha za mashua za matajiri, kisiwa chenyewe sijakiona.

Mara ya pili nilikwenda mwishoni mwa Juni nikapanga chumba Stari Grad, upande wa pili wa kisiwa. Ushauri wangu wote unaanzia hapo: lala Stari Grad au Jelsa, mji wa Hvar uende kuutembelea mchana.

Kufika si kazi. Kutoka Split, mji wa bandari ulioko bara, feri ya magari hukufikisha Stari Grad kwa muda wa saa mbili hivi. Tangu Januari 2023 Kroatia inatumia yuro na imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotembelewa kwa viza moja, kwa hiyo wewe mwenye kibali cha kuishi Ujerumani au Italia huhitaji viza nyingine. Kuna boti ya kasi pia inayokwenda moja kwa moja mji wa Hvar, lakini angalia upepo kwanza. Wenyeji wana *bura*, upepo mkavu wa baridi unaoshuka kutoka milimani bara, na *jugo*, wa kusini, wenye unyevu na mawimbi mazito. Sisi tuliokulia na kaskazi na kusi tunaelewa upesi: upepo ukikataa, boti hazitoki. Usipange ndege ya kurudi siku hiyo hiyo unayoondoka kisiwani.

Stari Grad maana yake ni Mji Mkongwe. Wagiriki kutoka kisiwa cha Paros waliuanzisha mwaka 384 KK wakauita Pharos. Nyuma ya mji kuna bonde tambarare, na bonde hilo ndilo lililonirudisha Hvar. Wale Wagiriki walilipima wakaligawa mashamba ya mstatili, kila moja kama mita 180 kwa 900, wakayatenga kwa kuta za mawe matupu, bila chokaa. Mipaka ile ipo mpaka leo, na zaidi ya hekta 1,300 zimeingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008. Ajabu zaidi ni kwamba si magofu. Mizabibu na mizeituni inalimwa humo humo, mazao yale yale ya tangu enzi hizo.

Kodi baiskeli, ingia asubuhi mapema. Mimi niliingia saa sita mchana na chupa moja ndogo ya maji, nikajuta, maana kivuli ni cha kuokoteza. Simama kwenye ukuta mmoja uutazame kwa karibu. Mawe makubwa yako nje, katikati yamejazwa vijiwe vidogo vidogo, na penye pengo utaona jiwe limechongoka limesukumwa kwa kidole likabana. Mkulima akilima hukutana na mawe, akikutana nayo huyapeleka ukutani, ndiyo maana kuta nyingine ni pana kama kitanda. Hapa na pale kuna kibanda cha mawe cha mviringo, paa lake nalo ni mawe, cha kujikinga na mvua. Nilikaa ndani ya kimoja karibu saa nzima, nje nyenje wanalia, na sikutamani kwenda popote.

Ukirudi mjini pitia Tvrdalj, nyumba ya ngome aliyojijengea mshairi Petar Hektorović katika karne ya 16. Ndani ana bwawa la maji ya bahari lenye mikizi inayoogelea polepole. Kwenye kuta kuna maandishi ya Kilatini, na moja liko chooni: kama unajijua, majivuno ya nini? Ilibidi nilisome mara mbili.

Kwa bahari, beba viatu vya maji. Fukwe ni za changarawe na miamba, na chini kuna wale viumbe wa miiba myeusi. Visiwa vya Pakleni, mbele ya mji wa Hvar, vinafaa kwa siku moja. Wageni wengi hudhani jina lao linatokana na jehanamu, kumbe ni utomvu wa misonobari uliotumika kukalafati vyombo.

Kwenda mji wa Hvar, kama una gari, fuata barabara ya zamani inayopita Brusje. Ndiyo njia ya mashamba ya lavenda, na mwishoni mwa Juni huchanua, ingawa mengi sasa yametelekezwa na kuliwa na vichaka. Mjini panda ngome mapema kabla ya jua kali. Kisha nenda ukaone ukumbi wa tamthilia wa 1612 uliojengwa juu ya ghala la kutengenezea merikebu, makabwela na mabwana wakiingia ukumbi mmoja baada ya miaka ya uhasama kati yao.

Halafu nenda kwa watawa Wabenedikto. Hapo ndipo nilipobaki mdomo wazi. Masista hawa hawatoki nje ya kuta za monasteri yao, na wanafuma lesi kwa nyuzi wanazozitoa wenyewe katika majani ya agave, ndugu wa mkonge wetu. UNESCO iliitambua mwaka 2009 pamoja na lesi nyingine za Kroatia. Mimi ni mtoto wa Korogwe. Nimekua nikiona singa za mkonge zimeanikwa juani ekari kwa ekari, na kwangu zilikuwa kamba na magunia basi. Hapa nyuzi ni nyembamba kuliko unywele, zimefumwa jua na miale yake, na katikati ya miale kuna vitobo ambavyo sindano ingepita kwa shida. Hakuna hata vipande viwili vinavyofanana.

Nilimpigia baba, aliyefanya kazi miaka mingi korona, yaani kiwanda cha kutoa nyuzi za mkonge, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wanaloweka jani kwanza au wanalikwangua bichi, na singa wanazikausha juani au kivulini. Sikujua. Ukienda, tafadhali waulize masista, kisha niandikie.