Kupanda na Kuhifadhi Kitunguu Thomu Hapa Malindi

Mwaka wa kwanza nilipopanda kitunguu thomu uani kwetu, nilipata majani mazuri ya kijani na, chini ya ardhi, tunguu moja la mviringo lisilogawanyika punje, mfano wa kitunguu maji kichanga. Niliulaumu udongo wetu wa mchanga, nikaongeza samadi, na msimu uliofuata nikavuna vilevile. Tatizo halikuwa udongo. Thomu haigawanyiki punje vizuri mpaka ipitie wiki kadhaa za baridi, chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, na joto la Malindi halifiki huko hata mwezi wa Julai kusi linapovuma.

Baridi hiyo sasa naiazima kwenye friji. Mwishoni mwa Aprili mimi huchagua vichwa vikubwa na vizima, huvitia katika mfuko wa karatasi na kuviacha sehemu ya chini ya friji, wala si kwenye friza, kwa muda wa wiki nane. Masika yakishapungua, huzitenganisha punje siku ileile ya kupanda na kuzifukia kina cha sentimita 3 hadi 5, ncha ikitazama juu, katika tuta lililoinuliwa ili maji yasituame na kuozesha mizizi. Hata hivyo, mwenzangu wa pwani asitarajie vichwa vinene kama vya nchi zilizo mbali na ikweta, kwa kuwa mmea huu hupenda pia mchana unaorefuka, nao mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Majani yenyewe ni mavuno: machache yakikatwakatwa juu ya mchuzi wa samaki yanatosha.

Majani ya chini yakikauka huku ya juu yangali mabichi, ng'oa. Usivioshe vichwa, vitundike kivulini, barazani panapopita upepo, kwa wiki mbili au tatu. Kwa unyevu huu wa bahari, mfuko wa plastiki huleta ukungu upesi, kwa hiyo natumia kikapu cha ukindu. Vichwa vya kula usivirudishe kwenye friji, maana baridi ileile iliyotufaa kwa mbegu huvifanya vichipue.

Jambo ninalotaka lizingatiwe kuliko yote ni mafuta. Kwa miaka mingi nilikuwa na chupa ya punje zilizomenywa na kuzamishwa katika mafuta, nikiiweka rafuni karibu na jiko, na ninamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyedhurika nyumbani kwangu. Thomu hutoka ardhini ikiwa na mbegu za bakteria wa Clostridium botulinum, ambao hustawi mahali pasipo hewa wala uchachu, na sumu yao, isiyo na harufu wala ladha, inaweza kuua. Mchanganyiko huo utengenezwe kidogo, ukae ndani ya friji, na uishe katika siku nne. Kwa akiba ya muda mrefu, mimi husaga thomu pamoja na tangawizi, nikaigandisha katika vijungu vya barafu, na kutoa kipande kimoja kimoja wakati wa pilau.

Siki pia ni salama, mradi punje zizame kabisa na chupa ikae ndani ya friji; kwangu hudumu miezi mitatu. Zikigeuka rangi ya buluu au kijani usizitupe, kwani hayo ni matokeo tu ya uchachu kukutana na salfa iliyomo ndani ya thomu.